Namna ya Kuweka Kikomo cha Uvuvi wa Jodari: Mwongozo kwa Wanaoamua Wakiwa Mbali na Bahari

Maamuzi makubwa kuhusu jodari wa Tanzania hufanyika mahali ambapo jodari haonekani. Wizara yenye dhamana ya uvuvi ipo Mji wa Serikali, Mtumba. Sheria na bajeti hupitishwa Bungeni hapa hapa Dodoma. Na ofisa anayeketi kuandika rasimu ya kikomo cha uvuvi yuko umbali wa kilomita zipatazo 450 kwa barabara kutoka Soko la Feri, Dar es Salaam, ambako samaki huyo hushushwa akiwa bado anang'aa. Umbali huo si kosa, lakini una hatari yake, kwa kuwa mtu aliye mbali na maji huwa mwepesi kuamini namba iliyoandikwa vizuri. Mwongozo huu nimewaandikia maofisa vijana, watafiti wanaoanza kazi, wasaidizi wa wabunge na viongozi wa vyama vya wavuvi wanaoitwa mikutanoni Dodoma na kutakiwa kutoa maoni juu ya tani ngapi zivuliwe.

Nitasema mapema jambo ninaloliamini baada ya miaka ya kufundisha takwimu za uvuvi. Kikomo cha uvuvi si namba. Ni kanuni inayotoa namba kila hali ya samaki inapobadilika, na kanuni hiyo inapaswa kukubaliwa na wote kabla mtu yeyote hajaiona namba itakayotoka ndani yake. Hatua zote zinazofuata zinaandaa jambo hilo au zinalilinda.

Hatua ya kwanza: mjue samaki na mipaka yake

Katika Bahari ya Hindi, samaki watatu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya biashara hii: jodari wa mapezi ya njano, jodari wa macho makubwa, na sehewa mwenye mistari tumboni. Majina ya pwani hayatoshi kwenye fomu. Neno sehewa, kwa mfano, hutumika kwa samaki zaidi ya mmoja kati ya diko (mahali samaki wanaposhushwa) moja na jingine, na kwa hiyo kila fomu iwe na jina la kienyeji, jina la kisayansi na picha.

Samaki hawa hawana uraia. Kati ya 2005 na 2007 mradi wa kikanda uliwawekea alama jodari zaidi ya 160,000 katika Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa katika maji ya Tanzania, na alama hizo zikaja kuokotwa sehemu nyingi za bahari hii, kwenye meli za mataifa mengine. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao unaipa kila nchi ya pwani haki katika eneo la maili 200, unazitaka pia nchi zishirikiane kuhusu samaki wanaohamahama. Chombo cha ushirikiano huo kwetu ni Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, ambayo mkataba wake ulianza kutumika 1996. Kwa hiyo Dodoma haiwezi peke yake kuweka kikomo cha bahari nzima. Inachoweza ni kwenda Tumeni na msimamo uliofanyiwa hesabu, kisha kurudi na kusimamia mgao wa nchi kwa uaminifu.

Ndani ya nchi pia kuna mipaka ya mamlaka. Maji ya karibu na pwani yanasimamiwa na wizara ya Tanzania Bara na ile ya Zanzibar, kila moja upande wake, ilhali eneo la bahari kuu lipo chini ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, inayofanya kazi kwa sheria ya 2020. Jodari yule yule anaweza kupita katika maji yote hayo ndani ya wiki moja, kwa hiyo daftari hizo tatu za takwimu lazima zijumlishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya pili: hesabu kila kinachotoka majini

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huharakisha.

Kwa kuwa bahari iko mbali, mafunzo ya vitendo tumekuwa tukiyafanya katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kwa kutumia perege. Nakumbuka asubuhi moja ofisa mmoja kijana alipomlaza perege juu ya mbao ya kupimia, pua ikigusa kizuizi, akasoma urefu mpaka ncha ya mkia na kuandika bila kusita. Alikuwa sahihi. Nikamwonesha picha ya jodari na kumuuliza angepima wapi, akaonesha ncha ya mkia vile vile. Mkia wa jodari umegawanyika kama mwezi mwandamo, na ncha zake huvunjika au kujikunja samaki anapotupwa kwenye barafu. Ndiyo maana jodari hupimwa kutoka pua hadi kwenye pengo la katikati ya mkia, pale pande mbili zinapokutana. Sentimita kadhaa za tofauti kwa samaki mmoja si neno. Kwa maelfu ya samaki, zinawafanya watoto waonekane wakubwa, na anayetathmini ataamini kwamba wavuvi wanavua wazazi ilhali wanavua makinda.

Uzito una mtego wake. Miaka iliyopita tulipewa daftari la diko fulani ambamo uzito wa jodari ulikuwa umeshuka ghafla katikati ya mwaka. Tulikaa siku mbili tukitafuta sababu za kimazingira, mpaka mzee mmoja mnunuzi akatueleza kwamba kuanzia mwezi ule samaki walianza kufika wakiwa wametolewa matumbo na matamvua. Hakuna aliyedanganya. Fomu haikuwa na mahali pa kueleza samaki alipimwa akiwa katika hali gani. Ikiwa samaki aliyesafishwa amepoteza sehemu ya uzito wake, kilo 40 za mizani zinaweza kuwa zimetoka kwa samaki wa kilo 45 au 46, na kikomo huhesabiwa kwa samaki mzima. Kila fomu iwe na safu ya hali ya samaki, na kila hali iwe na kigezo chake cha kurudisha uzito kamili, kilichopatikana kwa kupima samaki wale wale kabla na baada ya kusafishwa.

Utambuzi wa makinda ni mgumu zaidi. Jodari wa mapezi ya njano na wa macho makubwa, wakiwa wadogo, hufanana kiasi kwamba hata mvuvi mzoefu huwachanganya. Njia ya uhakika ni kumpasua mmoja mmoja katika sampuli na kutazama ini: la macho makubwa lina michirizi kwenye kingo zake, la mapezi ya njano ni laini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu makinda hao ndio wanaonaswa pamoja na sehewa chini ya vifaa vinavyoelea, ambavyo meli za nyavu za kuzungushia huviacha baharini ili samaki wajikusanye. Ikiwa makinda wote wataandikwa kama sehewa, kikomo cha macho makubwa kitavunjwa bila mtu kujua.

Ziandikwe pia juhudi za uvuvi: siku ngapi baharini, ndoana ngapi, urefu wa jarife, idadi ya mabaharia. Bila hizo hatuwezi kujua kama tani nyingi zilitokana na samaki wengi au na mafuta mengi. Hata hivyo, kipimo cha samaki kwa siku moja ya uvuvi kisiaminiwe kama kilivyo. Jodari huishi kwa makundi, na meli yenye boya lililofungwa mtambo wa kusikilizia samaki na kutuma taarifa kwa setilaiti itaendelea kulipata kundi la mwisho kwa urahisi ule ule ilivyolipata kundi la kwanza. Samaki kwa siku wanaweza kubaki vile vile huku bahari inakauka.

Wasisahaulike waliovuliwa bila kuuzwa: kitoweo cha mabaharia, chambo, waliooza, waliotupwa. Katika Bahari ya Hindi karibu nusu ya jodari huvuliwa na wavuvi wadogo na wa pwani, tofauti kabisa na bahari nyingine ambako meli kubwa ndizo zenye sehemu kubwa. Kwetu basi daftari la diko lina uzito sawa na kitabu cha kumbukumbu cha meli kubwa, na mwandishi wa takwimu wa kijijini ndiye mtaalamu wa kwanza katika mnyororo huu. Alipwe kwa wakati.

Hatua ya tatu: kadiria wingi wa samaki na ongezeko lake

Hesabu ya msingi inayotumika duniani ilitengenezwa kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya jodari. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Milner Schaefer, akishughulikia jodari wa mapezi ya njano wa mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, alionesha kwamba ongezeko la samaki kwa mwaka hutegemea wingi uliopo: wakiwa wachache mno, wazazi ni wachache, wakiwa wamejaa, chakula na nafasi huwabana. Ongezeko kubwa zaidi hupatikana katikati. Mifumo ya leo ni tata kuliko hiyo, inazingatia umri, urefu, maeneo na alama zilizookotwa, lakini anayeielewa hesabu ya Schaefer hawezi kupotoshwa kirahisi kikaoni.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Bahari isiyovuliwa ina tani 100,000 za samaki, na kasi yao ya kuzaliana ni 0.4 kwa mwaka. Ongezeko la mwaka ni 0.4 mara wingi uliopo, mara sehemu ya nafasi iliyobaki. Samaki wakiwa tani 50,000, nafasi iliyobaki ni nusu, na ongezeko ni tani 10,000. Hilo ndilo ongezeko kubwa kuliko yote, na wengi husema: basi kikomo kiwe tani 10,000, kazi imekwisha.

Sasa tuseme ukame wa chakula baharini, au makosa ya tathmini, yamefanya samaki wawe tani 40,000 badala ya 50,000. Ongezeko ni tani 9,600. Tukivua 10,000 tunakula mtaji kwa tani 400, kiasi ambacho hakuna atakayekiona. Wakifika 30,000, ongezeko ni 8,400 na tunakula mtaji kwa tani 1,600. Wakifika 20,000, ongezeko ni 6,400 na deni la mwaka ni tani 3,600. Namba ile ile iliyokuwa salama imegeuka kuwa kisu, na kadiri samaki wanavyopungua ndivyo kinavyokata kwa kasi. Mfugaji wa Bahi au Chamwino haelezwi jambo hili mara mbili: anayeuza ng'ombe kumi kila mwaka kutoka kundi lililopigwa na ukame, kwa sababu tu ndivyo alivyouza mwaka wa mvua, anamaliza mitamba.

Kuna jambo jingine la kuheshimu katika hatua hii, nalo ni kutokuwa na uhakika. Kwa jodari wa mapezi ya njano wa Bahari ya Hindi, tathmini ya 2021 ilikadiria kwamba mavuno makubwa endelevu, yaani kiasi kikubwa zaidi kinachoweza kuvuliwa kila mwaka bila kula mtaji, ni takriban tani 349,000 kwa mwaka na kwamba samaki hao wamevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya 2024, ikiwa na takwimu na mbinu zilizoboreshwa, ilikadiria takriban tani 421,000 na hali njema zaidi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na namna ya kuwatazama samaki. Wanasayansi waliokubali kurekebisha kazi yao walifanya vema, lakini kwa anayeweka kikomo fundisho ni kutolijenga taifa zima juu ya kadirio moja. Omba kila mara makadirio ya chini, ya kati na ya juu, na uulize kikomo chako kitafanya nini ikiwa lile la chini ndilo la kweli.

Hatua ya nne: weka shabaha na mpaka wa hatari

Shabaha ni wingi wa samaki tunaotaka kuishi nao. Mpaka wa hatari ni wingi ambao hatutaki kuufikia kamwe. Kwa sehewa, Tume iliweka shabaha ya asilimia 40 ya wingi wa samaki wazazi ambao wangekuwepo bila uvuvi, na mpaka wa asilimia 20. Kuchagua viwango hivi ni kazi ya wanaoamua, si ya wanasayansi peke yao, kwa kuwa ni kuchagua kati ya faida ya leo na usalama wa kesho. Wanasayansi waseme tu uwezekano wa kuuvuka mpaka ni mkubwa kiasi gani, na kikao kiseme wazi, kwa maandishi, ni uwezekano gani kinaoweza kuubeba.

Hatua ya tano: kubalianeni kanuni kabla ya namba

Katika mafunzo huwa nawagawa washiriki makundi mawili. Kundi la kwanza nalipa tathmini na namba iliyopendekezwa. Kundi la pili nalipa mstari mtupu na kuliambia: andikeni mtakachofanya samaki wakiwa wengi, wakiwa wastani, wakiwa wachache, namba mtaiona jioni. Kundi la kwanza hugombania tani mpaka jua linazama, kila mmoja akitetea meli au mwambao wake. Kundi la pili hubishana pia, lakini hubishana kuhusu haki na hatari, kwa sababu hakuna anayejua bado kama kanuni itampa au itamnyima.

Turudi kwenye mfano wetu na tuandike kanuni. Samaki wakiwa asilimia 40 ya bahari isiyovuliwa au zaidi, tutavua asilimia 16 ya wingi uliopo. Wakiwa chini ya hapo, kiwango kitashuka hatua kwa hatua mpaka kufikia sifuri kwenye asilimia 10. Samaki wakiwa tani 40,000, kikomo ni tani 6,400. Ongezeko ni 9,600, hivyo bahari inapata nyongeza ya tani 3,200. Wakiwa tani 25,000, kiwango kimeshuka hadi asilimia 8, kikomo ni tani 2,000 na ongezeko ni 7,500. Mwaka unaofuata wako tani 30,500. Wakifika tani 60,000, kikomo ni tani 9,600 na ongezeko ni tani 9,600 pia, na hapo wanatulia.

Itazame vizuri namba hiyo ya mwisho. Tumeacha tani 400 tu kati ya 10,000. Kwa malipo hayo tuna samaki tani 60,000 badala ya 50,000, na kwa kuwa tunavua asilimia 16 ya samaki badala ya asilimia 20, juhudi zinazohitajika zimepungua kwa moja ya tano: mafuta, barafu na safari. Nimeyaona macho ya wamiliki wa boti yakibadilika wanapoifanya hesabu hii kwa mikono yao wenyewe. Hakuna hotuba ya uhifadhi iliyowahi kufanya kazi hiyo.

Hiki si kitu cha darasani tu. Kanuni ya sehewa iliyopitishwa na Tume mwaka 2016 ilikuwa na umbo la namna hii, ikiwa na kilele cha tani 900,000 na sharti kwamba kikomo kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 30 kutoka kipindi kimoja hadi kingine, ili viwanda na wavuvi wasitikiswe ghafla. Kanuni hiyo ilitoa tani 470,029 kwa miaka ya 2018 hadi 2020, tani 513,572 kwa 2021 hadi 2023, na tani 628,606 kwa 2024 hadi 2026. Kwa jodari wa macho makubwa, utaratibu uliopitishwa 2022 ulitoa kikomo cha tani 80,583 kwa mwaka, kwa 2024 na 2025.

Njia ya kinyume imewahi kujaribiwa. Kwa jodari wa bluu wa Atlantiki ya mashariki na Mediterania, wanasayansi walishauri tani zipatazo 15,000, mazungumzo yakatoa tani 29,500 kwa mwaka 2007, na makadirio ya kilichovuliwa hasa mwaka huo yakafika tani 61,000. Ilibidi kikomo kishushwe hadi tani 13,500 mwaka 2010 na 12,900 mwaka 2011, ukaguzi ukakazwa, na samaki wakarudi. Mwaka 2022 nchi zile zile zikapitisha kanuni ya kudumu, na kikomo kilichotoka kilikuwa tani 40,570 kwa mwaka.

Kabla ya kupitishwa, kanuni ijaribiwe kwa kompyuta dhidi ya bahari nyingi za kubuni: zenye samaki wanaokua polepole, zenye takwimu mbovu, zenye miaka ya joto kali, zenye wizi. Inayofaulu ni ile inayoumia kidogo katika hali zote, hata kama katika hali moja nzuri ingepitwa na nyingine. Huko Mtera maji hupanda na kushuka kwa mvua za mto Ruaha Mkuu, na perege hupungua hata pasipo mvuvi. Kanuni isiyoweza kustahimili mwaka wa namna hiyo haifai bwawani, sembuse baharini.

Hatua ya sita: gawa mgao kwa haki inayoelezeka

Mwaka 2016 Tume ilipoamua kupunguza uvuvi wa mapezi ya njano, ilitumia mavuno ya 2014 kama msingi kwa wavuaji wakubwa: meli za nyavu za kuzungushia zipunguze asilimia 15, mishipi mirefu asilimia 10, nyavu za kutega asilimia 10, na zana nyingine asilimia 5. Utaratibu huu ni mwepesi kuuandika, lakini anayeanza na historia ya uvuvi humpa zaidi yule aliyevua zaidi. Nchi ya pwani ambayo ilikuwa na ngalawa na mashua pale wengine walipokuwa na meli huulizwa swali gumu: je, umaskini wa jana uwe ndio kipimo cha haki ya kesho? Mazungumzo ya vigezo vya mgao yalianza 2011 na yamechukua zaidi ya muongo mmoja, nami sioni aibu kusema kwamba Tanzania inapaswa kuutetea mwambao wake kwa nguvu zote. Hoja hiyo husimama tu ikiwa takwimu zetu ni safi. Nchi inayodai mgao bila daftari huonekana inaomba.

Ndani ya nchi, mgao usigawiwe wote. Itengwe akiba, kwa mfano sehemu moja ya kumi, kwa ajili ya makosa ya takwimu na samaki wasioripotiwa. Sehemu ya wavuvi wadogo itengwe kwanza, kabla ya leseni za meli kubwa, kwa sababu wao hawawezi kuhamia bahari nyingine. Kwa wavuvi hao mgao wa kilo kwa kila boti haufanyi kazi. Kinachofanya kazi ni idadi ya vyombo, ukubwa wa macho ya jarife, maeneo, na miezi ya kupumzisha, vikisimamiwa na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika kila diko.

Hatua ya saba: fuatilia, na kata kilichozidi

Mwaka 2018, wa kwanza wa kikomo cha sehewa, mavuno yalizidi tani 600,000 dhidi ya kikomo cha tani 470,029. Kanuni ilikuwa nzuri na hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mgao kwa kila nchi, na kikomo kisichokuwa na mwenyewe hakimfungi mtu. Isitoshe, mkataba wa Tume unairuhusu nchi mwanachama kupinga azimio ndani ya siku 120 na kutofungwa nalo. Mjumbe anayetoka Dodoma ajue mapema nani anaelekea kupinga, na azungumze naye kabla ya kura.

Zana za ufuatiliaji zinajulikana: mtambo wa setilaiti kwenye kila meli, waangalizi melini, kitabu cha kumbukumbu, ukaguzi bandarini. Tume hutaka waangalizi wafikie angalau asilimia 5 ya shughuli za meli kubwa. Ni kiwango kidogo mno, na leseni zetu zinaweza kudai zaidi. Kilichozidi mgao kikatwe chote mwaka unaofuata, na anayerudia akatwe zaidi ya alichozidisha.

Hatua ya nane: panga kalenda, na andaa barua mapema

Takwimu za mwaka uliopita hutakiwa Tumeni ifikapo Juni 30. Kamati ya wanasayansi hukutana mwishoni mwa mwaka, na mkutano wa Tume hufanyika kwa kawaida Aprili au Mei, majira ambayo Dodoma nzima imezama kwenye Bunge la bajeti. Mgongano huo wa tarehe huja kila mwaka, na kila mwaka unaweza kutuacha bila mtu mwenye nafasi ya kusoma ripoti. Ripoti ya wanasayansi isomwe Januari, msimamo wa nchi ukamilike Februari, na fedha za waandishi wa takwimu za madikoni ziingizwe kwenye makadirio ya bajeti kabla dirisha halijafungwa.

Ndani ya mwaka wa uvuvi, jumla ya mavuno ijumlishwe kila wiki. Inapofika asilimia 80 ya mgao, leseni mpya zisitishwe; inapofika asilimia 95, meli ziitwe bandarini, kwa kuwa samaki walio njiani watajaza kilichobaki. Siku hiyo simu zitakuwa nyingi na sababu za kusubiri wiki moja zaidi hazitakosekana. Kwa hiyo barua ya kusitisha iandikwe Januari, ipitiwe na mwanasheria, iwekwe kwenye jalada pamoja na orodha ya meli zitakazopelekewa, na kitu pekee kilichoachwa wazi juu yake kiwe ni tarehe.